Mzee Aliyelipwa ili Jambo Lisitokee

Hapa Kisangani ukisikia jenereta inanguruma bila kukohoa, uliza nani aliifunga waya. Watakutajia mimi. Sikusoma. Niliacha shule mwaka wa nne wa primaire, nikajifunza kazi kwa kuunguza vidole. Leo motor ya pampu au ya moulin, mashine ya kusaga, ikiungua, kutoka Bengamisa mpaka Bafwasende, inaletwa kwangu, na vijana wenye diploma wanasimama nyuma ya bega langu kuangalia ninavyozungusha shaba. Nasema hivyo ili ujue kwamba mtu kama mimi hamkubali mtu mwingine kwa urahisi. Mzee ninayetaka kumwelezea nilimkubali, nikamlipa, nikamchoka, kisha nikamfanyia jambo ambalo mpaka leo limenikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Tulimwita Papa Comptable, yaani Baba Mhasibu. Jina lake analo, watoto wake wanalijua. Mimi nitamwita tulivyomwita sote. Kazi yake ilikuwa kutengeneza karatasi za kodi kwa watu wasio na patron, wanaojitafutia wenyewe: mafundi, washonaji, wapiga picha, hata mwimbaji mmoja wa harusi. Alipanga nusu ya chumba katika mtaa wa Makiso. Nusu nyingine ilikuwa ya muuza dawa, na kati yao palining'inia pazia la maua. Upande ule mgonjwa anaeleza tumbo lake, upande huu wewe unaeleza mapato yako. Mzee alisema tofauti si kubwa, maana pande zote mbili mtu anaona aibu na kupunguza, halafu anashangaa dawa haikumponya.

Alivaa koti. Katika jua la saa nane, pale ambapo hata mbuzi wanatafuta ukuta, yeye alikuwa ndani ya koti la kijivu lililofungwa vifungo vyote. Sikuwahi kumwona bila hilo koti mjini, na watu walisema amezaliwa nalo. Kabla ya kupiga muhuri aliupulizia pumzi mara mbili, polepole, kama mtu anayepasha kioo, kisha akaukandamiza kwa uzito wake wote huku amefumba macho. Mchana alikula kwanga, mkate wa muhogo, na kipande cha samaki, ameelekea ukutani. Chakula cha mteja hakugusa. Mshonaji mmoja alimletea liboke kubwa, samaki bado anatoa moshi ndani ya majani, na mzee akamrudishia. Akamwambia kwamba akila samaki yule leo, siku ya kuandika karatasi yake atausikia utamu mdomoni na mkono utapinda.

Alikuwa na matusi, tena ya kupanga. Mwenye duka la jumla kutoka Butembo, mtu wa pesa nyingi na misa ya kila asubuhi, alimwita mbele ya watu "mukristo wa nusu daftari". Yule tajiri alicheka, na mwaka uliofuata alirudi. Sote tulirudi. Sijui kwa nini mtu anarudi mahali anapotukanwa na kulipa juu yake. Mimi ni mtu ninayetukana wengine, sijazoea kutukanwa, lakini kwake nilikaa kwenye kile kiti chenye mguu uliofungwa kamba, nikasikiliza.

Nilimfahamu kwa sababu ya kibao. Nilipopata atelier yangu ya kwanza, karakana ya mabati manne na meza moja, nilimlipa mchoraji aniandikie mbele kwa rangi nyekundu: Grand Complexe Industriel na Watoto. Kilikuwa kibao kizuri kuliko vyote barabara ile, na mpaka leo sijaona kinachokishinda. Haukupita muda, agent wa kodi akanipa karatasi ya kunilipisha kama fabrique, kiwanda kizima. Watu wakanielekeza kwa mzee. Akaja juu ya toleka, zile baisikeli za kubeba watu, amekaa nyuma ameshikilia mikia ya koti isinaswe na gurudumu. Hakunisalimu. Alisimama akasoma kibao mara mbili.

"Watoto beko wapi?" akauliza.

"Beko ku masomo, papa."

"Na complexe industriel?"

Nikamwonyesha meza. Juu yake palikuwa na koleo na nyundo.

"Basi ile koleo njo iko nalipa kodi ya fabrique," akasema. "Toa kibao, fundi. Agent hana kosa. Alisoma tu vile wee mwenyewe uliandika."

Nilikitoa kwa uchungu. Aliandika barua, akaenda ofisini mara tatu kwa miguu, nikawekwa kwenye kodi ya watu wadogo, inayonifaa. Kabla ya kuandika alikuwa amenitajia bei yake, niitoe mbele, na bei ile ilikuwa sawa na roli nzima ya waya mpya wa shaba. Nikapiga kelele kwamba kwa kufuta rangi tu hiyo ni unyang'anyi. Alingoja nimalize. Akaniambia kibao nilikitoa mimi, hilo ni bure. "Wee unanilipa kwa ile siku agent atapita mbele ya mulango yako, na hakuna kitu itatokea."

Neno hilo alimwambia kila mtu. Na bei ilikuwa kwanza, karatasi baadaye, bila mkopo, hata padri alitoa mbele. Lakini huyohuyo aliyeng'ang'ania bei nilimwona akifukuza pesa. Yule mwimbaji wa harusi alikuja na noti zake zimekunjwa ndani ya soksi, akieleza mwaka wake wote, harusi alizoimba, magita aliyoazima. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, akamwambia aende nyumbani, hana cha kuandikiwa mwaka huu, arudi akinunua gita lake mwenyewe. Mwimbaji alibaki pale amesimama na soksi mkononi. Nadhani alitaka kuandikwa. Kuna watu wanaotaka kuwemo kwenye karatasi hata kama karatasi itawalipisha, na mimi nawaelewa.

Mimi kuandika ni vita. Natambua namba na jina langu, mengine yananipita. Wateja wake wengine walileta daftari, na mimi sikuwa na cha kuleta, nikajua nitaaibishwa. Mzee alizunguka atelier, akaokota chini kipande cha waya ulioungua, ule tunaoung'oa kwenye motor kabla ya kufunga mpya. Akauliza kama kila motor ina waya wake. Nikamwambia ina wake: pampu ndogo ni mwembamba kama uzi wa kushonea, jenereta kubwa ni mnene. Akasema basi daftari ninayo, naikanyaga.

Tangu siku hiyo kila motor niliyomaliza nilikata kipande cha waya wake wa zamani, urefu wa kiganja, nikakitundika. Misumari kumi na miwili ukutani, mmoja kwa kila mwezi. Jumamosi ya kwanza ya mwezi mzee alifika na toleka, akasimama mbele ya ukuta, akapitisha vidole kwenye waya mmoja mmoja na kuandika. Baada ya mwaka alikuwa anajua unene kama mimi. Aliutikisa mmoja akasema huu moulin, huu pampu ya shimo, huu jenereta ya mtu mwenye baa. Siku moja nilikuwa nimetupa vipande vitatu vinene ili mwezi uonekane mkavu. Alishika ule msumari muda mrefu. Kisha akachungulia chini ya meza, kwenye rundo la uchafu, akaviokota vyote vitatu bila kuuliza ni wapi, akavitundika mwenyewe.

"Mutu wa kukudanganyia utamupata popote," akasema akipangusa mikono. "Mie unanilipa nikukataze."

Miaka ikapita hivyo. Agent alipita, alisoma, aliondoka. Nilijenga kwa matofali. Nikanunua pikipiki, nikamwoa vizuri mama watoto, nikasomesha wale watoto wa kwenye kibao. Mzee aliendelea kuja na koti lake.

Jumamosi moja mvua ilimfungia kwangu. Ilipiga bati mpaka tukawa tunaongea kwa midomo mikubwa. Nikamuuliza alisomea wapi, Kinshasa au ng'ambo. Nilitaka kusikia jina la shule kubwa, niwaambie watu comptable wangu ametoka pale. Aliangalia mvua. Akaniambia hakusoma popote. Alikuwa huissier katika ofisi ileile ya kodi, yule anayekaa mlangoni na kubeba mafaili kutoka chumba hiki kwenda kile. Alibeba tangu ujana mpaka nywele zikaanza kubadilika, na kwa kuwa koridori ilikuwa ndefu na wakubwa hawakuwa na haraka, alisoma akitembea. Faili moja baada ya jingine. Alijua nani alikosea wapi, na ofisi ilimjibu nini. Alipoachishwa kazi alinunua koti, akachongesha muhuri, na watu wakaanza kumwita Comptable. Hakuwakataza.

Hapo nilimwelewa, na nikamwogopea. Mtu yule aliyeokota waya zangu chini ya meza hakuacha uongo upite kwenye karatasi hata mara moja, ila ule mmoja uliokuwa umepigwa muhuri chini, kwamba yeye ni comptable. Akasema neno lile libaki pale. Nikamwambia limebaki. Kwa nini aliniambia mimi? Nadhani ni kwa sababu mimi nami nilitoka mikono mitupu. Alidhani kwangu neno kama hilo ni heshima.

Na kweli ilikuwa heshima, mpaka nilipohitaji kuiuza.

Ikaja shaba kupanda bei. Wanunuzi walizunguka mji mzima na mizani, wakichukua kila kilichong'aa na kisichong'aa. Mwaka huohuo, ulipoanza, nilikuwa nimemwambia mzee nimechoka na bei yake. Nilimweleza kwa hesabu niliyoiona nzuri: miaka yote hii nakulipa, na hakuna jambo lililowahi kutokea. Akanitazama. Akasema, "Sawa, fundi," akapanda toleka. Kwa hiyo hakuja tena Jumamosi, ukuta ulikuwa wangu peke yangu, na mnunuzi aliposimama mlangoni akaona misumari yote ile imejaa shaba, akataja bei ya kilo. Nikaivua yote. Niliipakia ndani ya gunia la sukari kwa mikono yangu mwenyewe, nikicheka, nikimwambia mnunuzi kwamba mimi hata ukuta wangu unazaa.

Agent alipokuja, hapakuwa na karatasi ya mwaka wala kitu cha kuitengenezea. Mtu asiye na ushahidi anakadiriwa. Waliangalia matofali, pikipiki na motor zilizojaa sakafuni, wakakadiria, wakaongeza faini, wakapiga muhuri mlangoni mpaka nilipe. Ndani mlikuwa na motor za watu kumi na kitu. Kiasi kile kilikuwa cha kunimaliza. Ningeuza nyumba, na bado ningerudi kwenye mabati manne.

Nikakimbilia nusu ya chumba ya mzee. Aliniuliza neno moja tu, waya ziko wapi. Nikamwambia. Aliweka kalamu mezani, akainyoosha ilingane na ukingo wa meza. Nilingoja matusi. Nilikuwa tayari kwa matusi yoyote.

"Uliuza daftari yako kwa kilo," akasema, kwa sauti ndogo. Akainuka, akafunga kifungo cha juu. "Twende."

Hakuniomba hata faranga. Ilikuwa mara ya kwanza aende kabla ya kulipwa.

Ofisini kulikuwa na foleni ya watu, wengi wananijua, mimi ni mtu wa kujulikana. Mzee alianza kueleza kwa upole kwamba niruhusiwe kupita kwa wateja wangu mmoja mmoja nikusanye ushahidi upya. Agent hakuwa mtu mbaya. Alisikiliza, akageuka kwangu, akauliza karatasi zangu hutengenezwa na nani, na huyo mtu alikuwa wapi mwaka mzima.

Nikaona mlango wangu na muhuri juu yake. Nikaona watu wa foleni wananitazama, mimi, nimesimama kama mwizi wa kuku. Na mdomo wangu ukafunguka.

"Njo huyu. Tena si comptable. Alikuwa huissier yenu hapahapa. Alinidanganya."

Nyuma, mfanyakazi mmoja wa zamani aliinua kichwa, akamkazia macho mzee, akacheka. "Ah, ni kweli," akasema. "Yule wa mafaili."

Foleni ikacheka pia, si kwa ubaya, ni kicheko cha watu waliosimama muda mrefu. Mzee alikuwa ameshika kifungo cha koti. Angeweza kusema kwamba mwaka ule hakuwa ameajiriwa nami, kwamba nilimfukuza. Ilikuwa kweli na ilikuwa rahisi. Alinitazama, hata si kwa hasira, kama alivyotazama ule msumari uliopungukiwa.

"Ni vile," akamwambia agent. "Mulaumu mie. Fundi hajui kusoma."

Mtu aliyepotoshwa huhurumiwa. Faini ikaondolewa, nikapewa muda wa kukusanya ushahidi, na baada ya siku chache mlango ukafunguliwa. Yeye walimwandikisha karatasi kwamba hatatengeneza tena karatasi ya mtu. Aliiandika mwenyewe, kwa ule mwandiko wake uliolala vizuri, akaupulizia muhuri mara mbili, akagonga, kisha akauacha muhuri palepale juu ya meza yao. Nje hakunisemesha kuhusu lile neno. Aliniambia nianze leo kutundika waya, mwezi haujaisha.

Jioni mji ulikuwa unajua. Mpiga picha mmoja alikwenda kudai pesa za miaka ya nyuma, ingawa kwa miaka hiyo hakuna agent aliyewahi kumsumbua. Muuza dawa akaondoa pazia, akachukua chumba kizima. Nilimpelekea mzee gunia la mchele. Lilirudishwa na toleka ileile iliyolipeleka. Halafu nikasikia amehamia Yanonge, kwa binti yake. Mimi sasa ninalipa ofisi yenye kiyoyozi, bei mara mbili. Kijana wao ana diploma, ni mpole, ananionyesha pa kutia sahihi. Hajawahi kuja kuona ukuta. Hajawahi kunikataza kitu.

Mwaka huu waliniita Yanonge, motor ya moulin wa muhogo imeungua. Ningeweza kutuma fundi wangu yeyote. Nilikwenda mwenyewe. Nilimaliza motor kabla ya saa sita, nikauliza nyumba, wakanionyesha juu ya ukingo wa mto, karibu na pale samaki waliokaushwa wanaposhushwa.

Alikuwa kwenye kiti kifupi mlangoni, amevaa singlendi. Bila koti. Mikono yake ilikuwa myembamba, yenye mabaka, na nilijisikia kama nimemkuta anaoga. Aliniita fundi, akauliza habari za watoto, kila mmoja na masomo yake. Akaniletea kiti. Njia nzima nilikuwa nimejipangia maneno, na mimi si mtu wa kukosa maneno. Nikasema mto umejaa mwaka huu. Akasema umejaa.

Ndipo akaja mama mmoja, jirani, mkaushaji wa samaki, ana karatasi mkononi na majivu mpaka kwenye viwiko. Akaeleza kwamba vikapu vyake vimezuiwa ku ofisi ya pale juu, alipe kilichoandikwa leo, na kilichoandikwa ni zaidi ya samaki wenyewe. Akisha kulipa hana cha kununulia wengine.

"Papa, unisomee kidogo. Binti yako anasema wee unajua karatasi."

Mzee aliipokea. Nikayaona macho yake yakishuka mstari kwa mstari kama zamani, yakafika mahali, yakasimama. Kidole gumba kikakandamiza palepale. Kisha akaikunja karatasi na kumrudishia.

"Mie sijui, mama. Nilikuwa mutu wa kubeba mafaili tu. Upeleke kwa mwalimu."

"Mwalimu alienda Kisangani."

"Basi ulipe, mama."

Nikamwambia yule mama kwamba huyu ni Comptable, hakuna kama yeye mkoa mzima wa Tshopo, niamini mimi. Mzee akatabasamu akitazama chini. "Huyu fundi anapenda mchezo," akamwambia. Mama akatutazama sote wawili, akashukuru, akaanza kupanda kwenda ofisini.

"Papa," nikasema, "umeona kosa."

"Nimeona."

"Iko wapi?"

Alipangusa magoti yake, ingawa hayakuwa na kitu.

"Akifika kule, bakimuuliza nani amekuonyesha, atataja nani?"

Nikainuka nikamfuata yule mama mbio, mwili wangu huu mzito, nikamkuta mlangoni pa ofisi. Nikamwambia asilipe, kwenye karatasi kuna kosa. Uso wake ukafunguka. Akauliza kosa ni wapi, akaninyooshea karatasi.

Niliishika kwa mikono miwili. Niliona namba. Niliona mistari, mingi, yote inafanana. Yeye alisubiri kando yangu kwa heshima, kama mtu anavyomsubiri mkubwa asome. Kisha akaichukua taratibu kutoka mikononi mwangu, akaingia ndani kulipa.